Favour Anacheka Miguu Ikiruka

Jumanne, 3 Februari 2026

Mama mkwe kafika toka Busisi. Siku hizi daraja la ziwani lipo, hangoji kivuko, hata simu hapigi, unasikia hodi tu! Kaja na viazi na samaki wakavu. Shikamoo, marahaba, akamchukua Favour, akampima kwa mikono. Mwepesi huyu, anasema. Mtoto wa miezi minane, meno mawili, ananing'ata — mwepesi wapi!

Maji nimepunguza. Chai kikombe kimoja, basi. Tangu ajali inipoozeshe miguu sisikii mkojo ukija, nautoa kwa mpira, na nikichelewa unavuja. Sitaki mama mkwe anikute nimelowa kwenye kiti cha magurudumu. Nesi Sabina wa zahanati akijua sinywi maji atanigombeza mpaka basi.

Jumatano, 4 Februari

Wameongea uani, yeye na Baba Favour. Wanadhani miguu ikifa na masikio yanakufa!

Obedi mwanangu, mkeo kila mara UTI, kila mara homa. Mtoto anyonye homa? Nampeleka Busisi, kuna maziwa ya ng'ombe.

Baba Favour akamjibu: akiumwa tena, mama, utamchukua.

Nesi alishasema UTI haipiti kwenye maziwa ya mama. Lakini nani atanisikiliza mimi.

Akiumwa tena. Basi siumwi!

Alhamisi, 5 Februari

Mkojo una ukungu. Na ile harufu. Nimeumwaga haraka, nikamwaga na maji juu yake. Nikanywa jagi zima kwa mpigo, kama vile yatasafisha.

Vidonge vilivyobaki nilipougua safari iliyopita viko kwenye mkoba. Nesi alikataza: usimeze kwanza, leta mkojo tuuoteshe maabara tujue ni mdudu gani, ukibahatisha unamfundisha kuibishia dawa. Nimevishika. Nimevirudisha.

Ijumaa, 6 Februari

Leo! Favour mapajani kwangu, mguu wa kulia ukaruka. Na wa kushoto. Akacheka mpaka kwikwi — anadhani namrusha, masikini mwanangu.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha. Ungo ukaanguka. Miguu inaamka! Obedi, njoo uone! Akapiga magoti palepale juu ya mchicha. Akalia. Akanishika nyayo, akaziweka shavuni. Yeye! Tangu niolewe hajanigusa zaidi ya salamu.

Mimi najua. Miguu ikianza hivi, UTI iko ndani. Maumivu siyasikii, kwa hiyo miguu ndiyo inanipigia kelele. Sikusema. Na kwa muda kidogo, Mungu wangu, niliamini na mimi. Nikajaribu kukunja kidole gumba. Nikakitazama weee. Wapi.

Busisi hataji tena. Mama yake akisimama, anasema, mtoto aende wapi?

Jumamosi, 7 Februari

Jasho usoni, baridi mgongoni. Nimevaa sweta, Mwanza hii, na jua hili!

Mama mkwe kawapigia simu akina mama wa kanisani kwetu hapa Mabatini. Kesho baada ya ibada wanakuja kushukuru. Halafu katoka sokoni na viatu. Vyeusi, vya kamba. Vya kusimamia, anasema. Namba yangu kabisa. Alipima lini?

Baba Favour kaniuliza taratibu, mbona una joto. Nikamwambia ni joto la bati.

Jumapili, 8 Februari

Nimetapika. Mkojo leo una wekundu. Nimeukinga kwenye kopo safi la Nesi Sabina, nikalizungushia kanga. Nikamwita Baba Favour, nikamwambia yote. Maji, vidonge, miguu. Kaniuliza: Mama Favour, kwa nini ulinificha mimi? Kaenda kuita bajaji.

Mama mkwe kaingia na viatu, Favour mgongoni kwenye mbeleko. Kapiga magoti kunivisha. Nyimbo za akina mama wa kanisani zinapanda mlima, zinakaribia.

Nikasema, mama, miguu haiamki. Ni UTI.

Nyamaza, mwanangu. Watu wako mlangoni.

Nina homa, mama. Gusa.

Kagusa paji la uso. Mkono kauacha hapohapo, muda. Nikamwambia: mtoto nipe, naenda naye, bado ananyonya. Kasimama, katoka nje na Favour mgongoni. Kiatu kimoja kimefungwa. Kingine kiko sakafuni.

Naandika haraka. Bajaji inapiga honi kule chini. Baba Favour kaja kuninyanyua, nimemwambia ngoja, mtoto kwanza.

Wimbo umekatika. Namsikia mama mkwe anaongea, sisikii anasema nini. Favour ameamka, analia — kile kilio cha njaa, maziwa yametoka yenyewe, sweta imelowa.

Baba Favour yuko dirishani. Namuuliza, mama anashuka na mtoto mlima au anamrudisha? Anasema watu ni wengi, haoni.

Kilio kinakuja huku. Naona kama kinakuja huku.