Kichupa Puani Mbele ya Wakwe

Saengdao, shoga yangu, leo nimeaibika! Wakwe wa mjukuu wangu Ploen wameondoka sasa hivi.

Unayajua mafua yangu. Asubuhi pua iliziba kabisa, nikachomeka puani kile kichupa changu chembamba cha kunusia, cha kafuri na mnanaa, ili mikono ibaki huru nimenye mabalungi. Kikabaki puani. Kikabaki puani, Saengdao!

Nikawapokea hivyohivyo. Nikaunganisha viganja, nikainama, nikatoa hotuba nzima kuhusu heshima ya ukoo wetu, na mimi nina pembe kama kifaru. Wote walinikodolea macho. Nikadhani hotuba imewaingia!

Ploen akaninong'oneza, "Bibi, puani!"

Mtoto niliyemlea mwenyewe, namharibia siku mbele ya watu waliokuja kutupima.

Basi mama wa mchumba, Bi Wanpen, yule tuliyemwogopa kwa ukali, akafungua mkoba. Akatoa kichupa chake, akakichomeka puani, akakiacha hapo.

"Afadhali umeanza wewe, Mama," akasema. "Mimi pua imeziba tangu nyumbani, nilikuwa naona haya tu."

Mafua gani? Sauti yake ilikuwa safi kama kengele ya hekalu!

Picha ya uchumba tumepiga hivyo, vichupa viwili puani. Nacheka huku nalia.

Nimemwambia Ploen, "Nenda, mwanangu. Huko hutaaibika peke yako."