Nanga ya Baba na Kuku wa Mama Mkwe

Jumamosi, 12 Julai 2025

Chumba kimekwenda! Nimerudi kutoka karakana saa tisa, mikono bado ina grisi ya mota za watu wa Kakola, nakuta mke wangu Lusia kishafagia, kishatandika, kisharundika vyombo vyangu koridoni kama mzigo wa mpangaji aliyefukuzwa.

Mama yake anakuja Jumatatu kutoka Salawe. Anatolewa mtoto wa jicho hapa mjini, atakaa wiki tatu. Sikatai. Nani atakataa? Lakini kwa nini chumba cha vyombo? Lusia anasema hakuna chumba cha vyombo katika nyumba hii, kuna chumba cha mtoto wetu Nelly. Nelly yuko bweni tangu Januari! Chumba kisicho na mtu kina vyombo vya muziki, basi ni chumba cha vyombo. Hiyo si hesabu ngumu.

Nimehamisha mwenyewe. Gitaa ukutani sebuleni. Kinanda juu ya meza ya kulia — tutakula tumepakata sahani, wameyataka wenyewe. Kodiani chini ya kitanda chetu. Filimbi mfukoni, yenyewe haina shida, ndiye mtoto mtiifu peke yake.

Ikabaki nanga ya marehemu Baba. Ubao mrefu kama mkono mzima wa mtu, umechimbwa tumbo, na kamba moja tu ya mishipa ya ng'ombe imepitishwa huku na huku mara saba hadi ikawa nyuzi saba. Haikai ukutani, haiingii chini ya kitanda. Nimeilaza stoo juu ya gunia la pumba. Kwa muda tu.

Jumatatu, 14 Julai

Amefika, yeye na kuku sita ndani ya tenga. Nimemsikia, sijamwona. Kwao Usukumani mkwe na mama mkwe hawakutani njiani, hawali pamoja, hawasemeshani uso kwa uso. Sisi Wazinza tuna heshima zetu pia, lakini hizi za Salawe ni kiboko! Nimeshaambiwa masharti: yeye mlango wa nyuma, mimi mlango wa mbele. Pazia la koridoni lisifunguliwe. Nikienda bafuni nikohoe kwanza. Nyumba nimejenga mimi, halafu nakohoa!

Nimepiga magoti sebuleni, nimesema shikamoo mama nikilitazama pazia. Pazia limenijibu marahaba; zaidi ya salamu hiyo, kila neno lipite kwa Lusia.

Alhamisi, 17 Julai

Bujiku wa buchani amepita kuchukua feni yake. Kaona gitaa, kaona kinanda, kaona kodiani inachungulia. Akauliza nina mikono mingapi.

Nimechoka na swali hili! Jirani ananiuliza kama nina bendi. Katekista ananiuliza kama nauza. Shemeji Mageni, kaka yake Lusia, kila akija ananiambia nichague kimoja nikifahamu vizuri. Nimemuuliza Bujiku: yule mzee wa Salawe mwenye ng'ombe mia mbili, umewahi kumuuliza anakunywa maziwa ya wangapi? Kacheka, akasema ng'ombe wanazaa. Na vyangu vinazaa! Ningekuwa na gitaa tu nisingejua kwamba wimbo mmoja ukiutoa kwenye nyuzi ukautia kwenye kodiani unakuwa mwingine, unaanza kupumua. Kodiani yenyewe nilipewa na mchimbaji wa Bulyanhulu, nilimfufulia mota ya karasha ya kusaga mawe siku aliyokuwa ameshakata tamaa. Niikatae kwa sababu nina gitaa?

Bujiku kaondoka anacheka bado. Feni yake nimeitengeneza vizuri mno. Sikupaswa.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa, saa mbili nzima bila kazi. Raha iliyoje! Nikakaa sebuleni nijiamulie.

Gitaa? Vidole vilikuwa tayari. Lakini kinanda sijakigusa tangu Jumatano, na Jumapili ijayo kwaya ina wimbo mpya. Nikawasha kinanda. Nikakumbuka kodiani, mfuko wake ukikaa bila kuvutwa unakauka. Nikaitoa chini ya kitanda, nikavuta mara tatu. Kisha filimbi ikanichoma pajani. Nilipotazama saa, muda umekwisha. Sijamaliza wimbo hata mmoja! Nimecheka peke yangu. Shida kama hizi Mungu ampe kila mtu.

Halafu simu ya Shangazi Philomena kutoka Geita. Misa ya miaka mitano ya Baba ni Jumamosi tarehe 2 Agosti. Niende na nanga. Nipige ule wimbo wa Baba wa kuaga wageni, yeye miguu imekwisha na hajui kama atauona mwaka wa sita. Hayo magitaa niyaache hukohuko.

Sawa. Lakini akaniuliza — mimi! — kama bado naipiga. Swali gani hilo? Mtoto wa Stanslaus anaulizwa kama anapiga nanga! Nimemwambia naipiga kila mara.

Jumatano, 23 Julai

Sijala. Naandika hivyo hivyo.

Nimeingia stoo kuchukua nanga nianze mazoezi. Gunia la pumba lipo. Nanga haipo. Nikadhani Lusia kaihamisha. Nikatoka uani kumuuliza, na uani nikaona kuku sita wamejipanga mstari, vichwa chini, wanakula.

Wanakula ndani ya nanga ya Baba.

Pumba imelowekwa maji. Imejaa tumbo lote, imeganda kwenye matundu ya nyuzi. Na nyuzi hakuna! Kamba imekatwa. Nanga haina nyuzi saba za kutengana, ina kamba moja. Ukikata mahali pamoja umekata zote. Kipande kimoja kimefunga mlango wa tenga. Kingine kimefungwa mguu wa jogoo mwekundu. Kamba aliyoisokota Baba kwa mikono yake, kwenye paja lake, mimi nimekaa pembeni natazama — imefunga jogoo!

Nilitaka kupiga kelele. Kwa nani? Mwenye kosa yuko nyuma ya pazia na siruhusiwi kumsemesha. Ikabidi nimwite Lusia, nisimame sebuleni nikiangalia ukuta, niseme kwa sauti ya chini ambayo mama yake anaisikia kila neno, halafu Lusia aingie ndani kumwambia yaleyale ambayo ameshayasikia. Hasira ikipita kwa mjumbe inakuwa uji!

Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Mama anasema macho yake hayajapona, alipapasa, akakuta ubao mrefu wenye tumbo, umekaa juu ya pumba, una pumba ndani. Kwao kitu hicho ni kihori cha kuku. Kamba alidhani imefungiwa kihori kisipasuke. Anaomba radhi sana.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini nikamwambia Lusia amuulize, mtu mzima hajui chombo cha muziki?

Lusia akaingia. Akatoka anaangalia chini. Akasema Mama anauliza hivi: gitaa la Baba Nelly amelisikia. Kinanda amekisikia. Hata kile kinachopumua amekisikia, anakipenda. Filimbi anaisikia mpaka chooni. Hicho kingine kama nacho kinalia, mbona siku tisa hajakisikia?

Nimetoka nyumbani bila kula.

Alhamisi, 24 Julai

Siku tisa! Kana kwamba siku tisa ni nyingi! Mtu ana kazi, ana kwaya, ana vyombo vitano. Utamaliza vyote kwa siku tisa?

Jumamosi, 26 Julai

Nimeosha nanga kwa mswaki. Ubao mzima, namshukuru Mungu, haujapasuka. Harufu ya pumba haitoki.

Kamba sasa. Duka la vifaa vya muziki mjini: kijana hajui nanga ni nini, ananiuliza ni nanga ya meli? Huku Shinyanga! Kaniuzia uzi wa gitaa. Nimeujaribu, unalia kama nyigu ndani ya chupa. Fundi baiskeli akanishauri waya wa breki. Waya wa breki kwenye nanga ya Mzee Stanslaus!

Mwisho nimekwenda kwa Bujiku. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kanisikiliza mpaka mwisho, kaacha wateja wamesimama, kaingia nyuma akatoka na mshipa wa mgongo wa fahali, mrefu, mweupe. Akasema babu yake alikuwa anashonea ngozi kwa mshipa huo, akanionyesha jinsi ya kuupasua nyuzi nyembamba na kuulowanisha kabla ya kusokota. Hajataka chochote. Nimemwonea aibu kwa yale ya feni.

Jumatatu, 28 Julai

Nasokota. Paja limechubuka. Baba alikuwa akifanya hivi anapiga soga na kuvuta tumbaku, mimi nafanya nimeuma meno.

Mchana Lusia kaniletea sahani. Kuku. Nikafunua — jogoo mwekundu, yuleyule! Mama kaagiza achinjwe, aliwe na mimi peke yangu, na firigisi juu kabisa. Kwao hiyo ni kuomba msamaha kuliko maneno.

Nilikuwa nimeapa sitakula. Nimekula. Lakini nimekula kwa hasira.

Nikiwa natafuna firigisi nikajiuliza: mara ya mwisho niliipiga lini? Nikahesabu. Pasaka ya mwaka huu? Hapana, ilikuwa gitaa. Komunyo ya kwanza ya Nelly? Kinanda. Harusi ya Deogratias kule Ushirombo? Kodiani, watu walicheza mpaka viatu vikakatika. Nimerudi nyuma, nyuma, nimefika msiba wa Baba. Siku tulipoanua matanga. Shangazi Philomena aliketi karibu yangu, akanishika goti.

Miaka mitano. Minne na miezi kumi na moja, tuwe wakweli.

Na nani aliiweka juu ya gunia la pumba? Haya. Nimeandika. Lakini kukata kamba ni kukata kamba, bado nimekasirika!

Jumatano, 30 Julai

Kamba imekauka. Nimeipitisha. Saba. Imekaa vizuri kuliko nilivyotarajia, nikiigusa inatoa sauti nzito, ya ndani, sauti ya ng'ombe anayeota.

Lakini sauti zenyewe ni zipi? Baba hakuziita majina. Alivuta, akasikiliza, akavuta, akasema hapo. Mimi nilijua kwa sababu hapo palikuwa palepale. Sasa pamekatwa. Nimejaribu kulinganisha na kinanda. Kinanda kinadanganya! Uzi wa tatu wa Baba uko katikati ya vibonye viwili, hakuna kibonye chake. Gitaa nalo haliufiki. Vyombo vinne nyumbani na hakuna hata kimoja kinachoweza kumsaidia mwenzake. Nimevitazama vyote kwa chuki.

Alhamisi, 31 Julai

Basi ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ni saa nane mchana. Lusia yuko sokoni ananunua mchele wa kupeleka.

Nimempigia Shangazi. Ilibidi. Nikasema kamba imekatika. Akauliza imekatwa na nani. Nikalitazama pazia. Nilikuwa na jina mdomoni, tamu kabisa, wiki nzima nimelisubirisha. Nikasema imekatika tu, Shangazi, ilikuwa imezeeka.

Nyuma ya pazia kitanda kikalia kidogo.

Shangazi akasema niweke simu kwa sauti kubwa, niweke karibu na nanga. Akaimba nyuzi zote saba mfululizo, kutoka juu mpaka chini, kwa sauti yake iliyopasuka. Pale palikuwa palepale! Kisha akaanza moja moja, naye ananisubiri nivute. Wa kwanza, hapo. Wa pili, hapo. Wa tatu — ule usiokuwa na kibonye — aliniambia punguza, punguza, hapo mwanangu. Wa nne. Wa tano.

Simu ikakatika. Nimepiga, haipatikani. Simu yake huchajiwa senta, kwa jirani mwenye sola, mpaka jioni asubiri zamu. Nimepiga mara kumi na moja. Mtandao, chaji, sola, wote wahuni!

Wa sita umenitoka. Nilikuwa nao sasa hivi! Nimejaribu juu, nimejaribu chini, kila nikivuta unakuwa wa gitaa. Miaka mingapi natamba kwamba nina sikio. Nimepiga meza.

Ndipo pazia likaimba.

Si neno. Sauti tu, ndogo, ya mtu anayebembeleza mtoto. Alianza wa nne, akashuka wa tano, akatulia kwenye wa sita na kuushikilia. Alikuwa ameusikia mara moja, kwenye simu mbovu, kupitia ukuta. Mkono wangu ukavuta wenyewe.

Naye akakohoa kidogo, kuniambia bado. Nikalegeza. Akaimba tena. Nikavuta.

Sasa amenyamaza. Najua anasubiri nini, anasubiri nimwambie kama umefika. Na hakuna wa kumtuma! Lusia yuko sokoni. Nelly yuko bweni. Nikikaa kimya atadhani bado nina hasira. Nikijibu nitakuwa nimemsemesha mama mkwe, kwa mdomo wangu, mchana, nyumba haina mtu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Na bado sijamsamehe! Iandikwe.

Ameimba tena. Safari hii wa sita akauacha katikati, na kusema, si kwa ukuta wala kwa Lusia: "Baba Nelly. Ni huo?"

Miaka kumi na moja ya ndoa. Hajawahi kuniita.

Ni huo, mama. Ni wenyewe. Na wa saba unao?

Nimeandika. Kusema bado. Kitanda kimelia, nasikia nyayo zake, zinakuja mpaka kwenye pazia, zimesimama.