Huruma ya Tantine ku Muguu ya Papa

Yaya Régine,

Jambo kwenu bote kule Mitwaba. Siye huku ku hospitali ya Lubumbashi tuko, lakini ni kuchoka tu. Joto iko kali, mvua inakataa kunyesha, na mugongo yangu ishajua kila tundu ya simenti fasi ninatandika mukeka.

Papa anaendelea polepole. Ule mufupa wa paja wenye ulivunjika siku alianguka na pikipiki, banauvuta na kamba: inapita ku mwisho wa kitanda, na kwa chini kunaninginia kifuko cha muchanga. Munganga alisema bila ile uzito, bipande bya mufupa bitapandana, muguu itabakia mufupi. Mu chambre yetu ya bagonjwa karibu bote ni pikipiki njo ilibaleta.

Jana tantine wa Naviundu, dada ya Papa, alikuya na chakula, bukari na sombe. Kuona kile kifuko, akalia: "Juu ya nini munatesa ndugu yangu hivi?" Nilienda kunawisha sahani. Kurudia, kifuko alishakiweka ku kiti, ati Papa apumuzike kidogo. Nyama ya paja ilikaza, Papa alikuwa anauma shuka juu ya maumivu. Infirmière, ule mwenye kutunza bagonjwa, alirudisha kifuko fasi yake, akagombeza tantine.

Leo tantine njo mulinzi wa kifuko. Kila mugeni mwenye kunyoosha mukono, anamuambia: "Muhurumie na macho."

Yaya, ukikuya, huruma uiache ku mulango. Lete maharagi.

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Clémentine