Punda Anafunguliwa Mei

Port Kessel, Ohio
Jumapili, 23 Machi

Kaka yangu Lowell,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi ambayo wewe umeshaisahau. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Arizona, wewe na wifi yangu Connie na watoto, na kwamba mgongo wako umetulia. Sisi huku tuko wazima wa kujikongoja. Mimi nina mafua tangu Februari hayasikii dawa. Mama ana nguvu za kutosha kuniua mimi.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Nimeamua kushika kalamu kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, tena unaimalizia vibaya. Halafu Mama hukaa pale mezani ametega sikio, na nikitoka nje kuongea anafungua dirisha, hata kama nje kunaganda. Kwa hiyo kaa chini, vaa miwani, usome hadi mwisho.

Nianze na ile orodha yako. Lowell, nani alikutuma? Wakati wa chakula cha Shukrani mwezi wa Novemba tulikubaliana, mimi na wewe, kwamba maadamu Mama ametiwa kile kifaa cha moyo kifuani, habari ya kupanda Punda imekwisha. Watoto wako wanapenda yale matreni ya chuma yanayopindua watu kichwa chini, lakini kwa Mama treni ni moja tu pale kwenye bustani ya michezo, Punda, inayopanda na kuporomoka, na mbao zake na vilima vyake na mateke yake. Tukasema tumzoeze mambo mengine polepole wakati wa baridi, ili bustani ya michezo ikifunguliwa Mei asione pengo. Nilidhani utampigia simu za upole. Wewe ukamletea kwa posta karatasi mbili zilizopigwa chapa, "Mambo Ishirini na Mawili ya Kufurahisha Bustani Ikiwa Imefungwa", zenye nambari na visanduku vya kutia alama.

Wewe uko zako unaota jua. Mimi ndiye dereva.

Na wala orodha haikumsahaulisha kitu. Kila kisanduku anachokitia alama anauliza zimebaki wiki ngapi. Anaapa kwamba siku ya kufungua atakuwa kiti cha mbele cha Punda kama miaka yote, na msimamizi wa jukwaa la Punda, kama umesahau, ni mimi mtoto wake. Mbele ya jukwaa kuna bango refu kuliko mimi linalosema wenye maradhi ya moyo wasipande. Nimelisoma kwa kipaza sauti kwa miaka kumi na tisa. Sasa jiulize ninalalaje.

Tulianza na nambari ya kwanza, mchezo wa bowling, kuangusha pini za mbao kwa ule mpira mzito. Mama alikataa viatu vya kukodi, akasema vimevaliwa na nusu ya wilaya. Alirusha mpira mara nne. Mara ya tano akakaa, akatangaza kwa sauti kwamba mchezo ambao wewe umesimama na kitu ndicho kinachokwenda umekaa kinyume. Vijana waliokuwa wakicheza kando yetu wakacheka mpaka wakakosa pini zao. Alitia alama kisandukuni, na pembeni akaandika: "Sikupiga kelele." Hicho ndicho kipimo chake, Lowell. Kila jambo kwenye orodha yako limepimwa hivyo, na mpaka leo hakuna lililofaulu.

Nambari ya tatu, uvuvi kwenye barafu. Nilimwomba mzee Chet, aliyekuwa akifanya kazi na marehemu Baba kiwandani, atuchukue kwenye kibanda chake ziwani. Chet ni mtu wa maneno matatu kwa siku. Tulikaa juu ya ndoo tatu tukilitazama tundu lililotobolewa kwenye barafu. Baada ya robo saa Mama akamuuliza Chet hiki kitu kinaanza saa ngapi. Chet akasema kimeshaanza. Mama akamwangalia, akaliangalia tundu, akasema, "Basi kimeharibika, mwite fundi." Chet akacheka mpaka ule moshi wa pumzi ukajaa kibandani, na tangu siku hiyo anapita nyumbani kila Jumanne na sangara waliokwisha kuparuliwa, eti wamemzidi. Mama anasema anamletea ndoo ya samaki kwa sababu hajui kuleta maua. Sitaki kujua zaidi.

Lile la makumbusho ya farasi wa mbao ndilo lililotaka kunitia wazimu. Umeandika, "Jionee ufundi wa mababu zetu." Farasi wenyewe wametolewa kwenye bembea za kuzunguka za zamani, wamepakwa rangi upya, wamepigiliwa sakafuni na kuzungushiwa kamba. Nilikwenda chooni, Lowell, chooni tu! Narudi namkuta Mama amevuka kamba, amempanda farasi mweupe wa mwaka elfu moja mia tisa na tisa, mkoba mapajani, mikono juu. Mlinzi, binti wa watu, anamsihi ashuke. Mama anamjibu, "Mwanangu, hii kamba imefungwa na mtu asiyejua kufunga kamba, nimeipita bila hata kuinama." Nikamwambia Mama shuka, watu wanatuangalia. Akasema waangalie, ndiyo kazi ya makumbusho. Tumeombwa tusirudi kabla ya mwakani.

Dansi la polka kwenye ukumbi wa Wahungaria alilipenda, nitakuwa mkweli. Alizunguka na Chet mizunguko miwili akakaa, akasema viatu vinambana. Havikuwa viatu. Nilimwona anavyohesabu pumzi, nami nikajifanya natafuta koti langu.

Mlo wa samaki wa Ijumaa za Kwaresima kanisani nao ni balaa jingine. Ijumaa ya kwanza alisema foleni yao ni aibu. Ijumaa ya pili akasimama mlangoni akaanza kuwapanga waumini wawili wawili kama abiria wa Punda, akiwaita kwa vidole, "Nyinyi wangapi? Wanne? Safu ya tatu na ya nne, sogeeni!" Padri mwenyewe aliwekwa safu ya sita na akatii. Sasa hawataki aache, foleni inakwenda kasi mara mbili ya zamani, na mimi kila jioni ya Ijumaa naipumzikia mlangoni pa kanisa nikinuka mafuta ya samaki.

Na ile nambari kumi na nne sikusamehe. "Tembeeni kando ya bustani iliyofungwa mkausikilize ukimya." Siku hiyo upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio. Tuliusikiliza ukimya kwa dakika sita. Mama akauliza mtu aliyeandika jambo hili amelelewa na nani, nami nikamjibu, "Na wewe."

Sasa nikufikishe kwenye jambo lililonifanya niandike, maana nimezunguka vya kutosha na kalamu inanielemea.

Lowell, nilikuambia kwamba Septemba ile Mama alianguka dukani, mbele ya friji ya jibini. Hakuanguka dukani. Siku ile hatukwenda dukani kabisa. Mama alianguka kwenye njia ya kutokea ya Punda, na aliyempandisha nilikuwa mimi.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya joto, watu wachache, na unajua desturi yetu, foleni ikiwa tupu aliyekaa anaruhusiwa kurudia bila kushuka. Treni iliingia na Mama yuko mbele. Nikamwona uso umemgeuka rangi ya jivu, na mkono ameuingiza ndani ya sweta, upande wa moyo. Kazi yangu ni kuangalia nyuso, kaka. Angekuwa mtu mwingine yeyote, hata angenitukana, ningekifungua kile chuma cha mapajani, nikamtoa na kumwita muuguzi. Mama akaniangalia akasema, "Tena, Nadine." Nikakiangalia kile chuma kama kimebana sawasawa, nikainua dole gumba, nikaiachia treni.

Nilisimama pale dakika nzima na sekunde arobaini nikiisikiliza inavyogonga. Iliporudi alishuka mwenyewe, akapiga hatua nne, akaanguka. Alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa nisikuambie. Nikaitunga ile habari ya jibini palepale, na nimeilea miezi sita. Kila uliponiambia kwenye simu "afadhali ulikuwa naye" nilitaka kuitupa simu ziwani. Watu husema shukrani ya punda ni mateke, lakini mimi simlaumu Punda. Nilijua nikafanya. Nilimwogopa mama yangu kuliko nilivyomwogopea. Ndiyo maana nimeendesha gari kwa nambari zako zote bila kukataa hata moja, pamoja na ile kumi na nne.

Najua umekasirika. Kasirika, lakini usiache kusoma.

Jana mafundi walimtoa Punda kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Wakati wa baridi walimfungua mpaka msumari wa mwisho, wakamrudisha, na sasa wanamkimbiza bila watu. Kwenye viti wanafunga vile viwiliwili vya plastiki vyenye kichwa na mabega, vimejazwa maji viwe na uzito wa abiria. Nusu ya mji ilikuwa imeegesha magari kwenye uzio, na chupa za kahawa na maandazi ya jamu, madirisha wazi wapate kusikia. Hilo halimo kwenye orodha yako. Mama alikuwa ameliomba mwenyewe.

Treni ilipanda kilima cha kwanza tak-tak-tak kama unavyomjua. Mama akasogea mbele mpaka pua ikagusa kioo cha gari letu. "Yule kakaa kiti changu," akasema. Nikamwambia ni mfuko wa maji tu. "Namwona. Na amenenepa." Treni ikaporomoka, watu magarini wakapiga kelele, wakapiga honi, na Mama akapiga kelele, Lowell, ile kelele yake. Nikageuka haraka kumtazama rangi ya uso. Ilikuwa nzuri tu. Yeye ndiye aliyekuwa ananitazama mimi.

Akaniuliza siku ya kufungua nani atakuwa jukwaani. Nikasema mimi. Akasema vizuri. "Nitapanga foleni tangu getini. Nikifika mbele, unikatalie."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia Mama, kama umeshaamua, si ubaki nyumbani siku hiyo, au tutafute pa kwenda. Alinigeukia kwa hasira ambayo sijaiona tangu Baba alipouza ile boti. "Nibaki nyumbani nimeiba nini? Mimi sijawahi kutoka foleni kabla ya zamu yangu. Nakataliwa mlangoni, kama watu. Na usinitumie katoto ka kazi ya kiangazi kaje kuninong'oneza 'bibi samahani'. Uniambie wewe, kwa ile sauti yako ya kipaza sauti, bango lote, mwanzo hadi mwisho."

Nikamwambia siwezi. Treni ikaja tena, ikapita juu yetu, kioo kikatetemeka. Ndipo akasema, polepole, bila kunitazama, "Septemba uliniona. Na mimi niliona kwamba umeniona. Ulimwangalia mama yako, Nadine, ndiyo maana ukashindwa. Mei niangalie kama mtu baki. Usipofanya hivyo utakuwa unaisikiliza ile treni maisha yako yote, na mimi sitakuwepo kukunyamazishia."

Nililia garini mbele ya nusu ya mji. Mama akanipa kitambaa kilichonuka samaki, akaniambia niwashe gari, miguu inamganda.

Kwa hiyo nitafanya. Nimeshaanza kujizoeza bafuni na sauti inakatika palepale kwenye neno "moyo", lakini nina wiki saba. Ninachokuomba ni kimoja, na sikuombi kwa adabu. Njoo. Bustani inafunguliwa Jumamosi ya pili ya Mei, saa nne asubuhi. Upande wa kushoto wa jukwaa kuna kile kilango kidogo cha wale wanaofika mbele wakaingiwa na woga, ambacho sisi wenyewe tulipokuwa watoto tulikuwa tunasimama nje yake tukiwazomea wanaopita. Mama hajakipita hata siku moja maishani mwake. Mimi sitaweza kuondoka jukwaani, treni itakuwa imejaa na watu wa nyuma wanasukumana. Nikimaliza kulisoma bango nitamwonyesha kilango kwa mkono, kama ninavyomwonyesha kila mtu. Akikifungua, sitaki aikute njia tupu. Akukute wewe.

Nimalizie hapa, nina foleni ya kufua. Mfikishie wifi Connie salamu zangu na umwambie ile sweta aliyonitumia inanitosha mikononi tu. Wabusu watoto. Mama anakusalimu, hajui ninaandika nini, ingawa amepita mara tatu nyuma ya kiti changu akijifanya anatafuta chumvi. Nisamehe kwa ile miezi sita, ukiweza, na usinijibu kwa simu.

Ni mimi dada yako,
Nadine