Ukishavuka Chuma cha Tano

Tarehe 3 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, isipokuwa mikono. Kiwandani wamenihamishia kwenye pasi kubwa ya mvuke, ile ya mashuka ya hoteli, na ikifika Jumamosi vidole vimevimba mpaka naviona kama vya mtu mwingine.

Bibi, nina jambo. Kuna bendi inapiga kwenye ukumbi wa nyuma ya kiwanda chetu, na mpiga gitaa wao anahama. Nilimwendea kiongozi wao, nikampigia nyimbo mbili za Babu. Akasema, "Dada, mkono unao. Lakini hapa tunasoma noti za muziki. Mambo ya kusikiliza halafu kubahatisha, hapana." Amenipa jaribio tarehe 28 mwezi ujao. Nikipita, naachana na pasi siku hiyohiyo. Nikianguka, mkataba wa kiwanda unaisha wiki hiyohiyo, na anayebaki anasaini miaka mitatu mingine. Miaka mitatu ya mvuke, Bibi, sijui nitaimalizaje.

Noti za karibu na kichwa cha gitaa Babu alinifundisha kuzisoma. Zile za huko mbele, shingo inapokaribia tumbo, alifariki hatujazifikia. Nakumbuka gitaa lake lina vikaratasi ubavuni mwa shingo, kila kimoja na noti yake. Naomba unitazamie viko wapi, unichoree. Hapa naazima gitaa la dada wa chumba cha pili, nalo ni tupu.

Mjukuu wako

Tarehe 17 Februari

Wewe mke mwenzangu,

Marahaba. Goti langu lipo, halijaenda popote. Mama yako anakusalimu. Kazi yake ni kusalimu tu, barua naandika mimi wa darasa la tatu.

Mikono ipake mafuta, usiniletee kilio. Nimeshona sare za shule za mtaa mzima kwa cherehani ya mguu na vidole bado ninavyo kumi.

Gitaa la mume wetu nimelishusha juu ya kabati. Nimekaa nalo siku tatu, miwani juu ya miwani. Noti sizijui, lakini kunakili najua, kama ninavyonakili kola. Kwangu mimi noti ni kishikizo: kimoja kimekaa juu ya mstari, kingine katikati ya mistari, kingine kimetoka nje ya nguo kabisa kinaning'inia na kauzi kake. Nimevichora vyote kwenye karatasi ya mshono iliyo humu ndani.

Sasa sikiliza, maana kusikiliza kunakushinda tangu utoto. Hesabu vyuma vilivyolala shingoni, uanzie kichwani. Kwenye uzi mnene, ukishavuka chuma cha tano, bana hapo. Ndipo palipo na La, babu yako kaandika. Ukishavuka cha saba, Si. Cha nane, Do. Nyuzi nyingine ziko kwenye karatasi. Nimehesabu mara nne.

Bibi yako

Tarehe 2 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Karatasi imefika, nimeibandika ukutani juu ya kitanda. Asante sana.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Nikibana uzi mnene baada ya chuma cha tano, sauti inatakiwa ilingane na uzi unaofuata ukiwa huru. Hailingani, imepanda kidogo. Na mimi nikikaza nyuzi ili zipatane nabana kabla ya chuma cha tano, si baada yake. Hebu naomba uhesabu tena, Bibi. Siku zimebaki chache.

Mjukuu wako

Tarehe 12 Machi

Mjukuu,

Marahaba. Sihesabu tena.

Nilikaa na yule mzee miaka arobaini na moja, gitaa likiwa katikati yetu kama mtoto wa tatu. Wewe ulikuwa unakuja likizo, unakula, unalala. Leo ndiwe wa kuniambia kidole chake kilikaa wapi? Kukaza nyuzi ni kukaza nyuzi, kusoma ni kusoma. Huyo kiongozi wako kakwambia uache kubahatisha kwa masikio, na wewe unamletea masikio yaleyale yaliyojaa kelele za mashine.

Fuata karatasi. Kama ungeona siaminiki, usingeniuliza. Na ule vizuri, mtu hafanyi jaribio na tumbo tupu.

Bibi yako

Tarehe 2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Natumai hamjambo.

Nimeanguka.

Nilifanya mazoezi kila nikitoka kazini mpaka ncha za vidole zikachanika. Karatasi yako naijua yote bila kuitazama. Siku yenyewe waliniwekea wimbo ambao noti zake karibu zote zimepanda juu. Kinanda kilianza, nikaingia. Mpiga kinanda akasimama, akacheka, akadhani natania. Kiongozi akasema nirudie. Nikarudia vilevile. Akaniambia, "Dada, umebisha hodi nyumba zote bila kuruka hata moja, ila kila mara mlango wa jirani." Ukumbi mzima ukacheka.

Ninachotaka ujue ni hiki. Masikio yangu yalikuwa yanapiga kelele tangu noti ya kwanza. Nikayaambia nyamazeni, Bibi ndiye anayejua.

Mkataba nimesaini jana.

Mjukuu wako

Tarehe 19 Aprili

Mjukuu wangu,

Sijui goti, sijui afya, hayo yaache.

Barua yako ilinipandisha hasira. Nikalibeba gitaa kwa mguu hadi kwa fundi wa ala, ili aniandikie kwa mkono wake kwamba nilihesabu sawa. Akaniuliza, "Mama, umeanzia wapi?" Nikamwekea kidole kwenye chuma cha kwanza kabisa, kileee cha kichwani. Kisha akaniambia taratibu, kama anaongea na mgonjwa, kwamba hicho hakihesabiwi. Hicho ni kizingiti tu cha kupitishia nyuzi. Kwenye magitaa mengine huwa ni kipande cheupe cha mfupa au plastiki, na mtu hawezi kukiita chuma. La mume wangu mfupa ulivunjika, akaweka chuma.

Na chuma hicho nilimpa mimi. Ni sindano yangu ya kufumia, tuliikata pamoja kwa msumeno mezani pangu. Nimekitazama siku tatu nzima na sikukitambua. Nikakihesabu.

Kwa hiyo cha tano changu kwako ni cha nne. Kila kitu nilikupeleka chumba kimoja mbele. Uliposema hailingani, ilikuwa hailingani. Ulisikia sawa, mimi nikakutukana.

Nenda kwa huyo mwanamume wa bendi. Mwambie ni bibi yako mjinga. Mwonyeshe barua hii, sioni haya.

Bibi yako

Tarehe 25 Mei

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa.

Nilimwendea. Alisoma barua yako mpaka mwisho, akasikitika kweli. Nafasi wamempa mtu mwingine. Pale nje wapiga ngoma wameshanipa jina, wananiita Mlango wa Jirani. Gitaa nimemrudishia mwenyewe.

Sikulaumu, usikae na hilo. Ila kuna kitu kimenitokea. Juzi mwenzangu wa kwenye pasi alikuwa anaimba, akaniuliza, "Eti naimba sawa?" Nilisikia pale anapotoka nje ya sauti. Halafu nikawaza, labda ni mimi. Nikamwambia sijui.

Mjukuu wako

Tarehe 8 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma peke yangu, mama yako sikumpa.

Nimekaa na karatasi hii tangu Jumatatu. Nimeandika makali, nikachana. Nimeandika matamu, nikaona hayo si mimi, utadhani kaandika jirani, nikachana. Maisha yangu yote nimewasema watu, na wote walikuwa na akili ya kutonisikiliza. Wewe ndiye uliyenisikiliza.

Huyo mwenzako akiimba tena, mwambie ulichosikia. Anatoka nje, mwambie unatoka nje. Sikuamrishi. Nakuomba, na mimi kuomba sijui, kama nimekosea uniwie radhi.

Miaka mitatu, na mimi nina sabini na tisa.

Bibi yako

Tarehe 21 Septemba

Mjukuu wangu,

Tangu mwezi wa tano sijapata barua. Mama yako anasema posta wanachelewesha. Nilikwenda kuwauliza. Hawacheleweshi.

Kama huna la kusema, usiseme. Niandikie shikamoo tupu, nami nitaitikia.

Bibi