Rota ya Bwana Ssali

Jumamosi, 7 Juni 1975
Tumeshinda chini ya pikapu tena. Kucha nyeusi. Baba amebadilisha bushi za mpira za springi za nyuma. Mpya amezikata kwenye tairi lililochakaa. Mimi namsomea kitabu cha matengenezo, Kiingereza kwa macho, Kiswahili kwa mdomo. Gasketi ya pampu ya maji nimeikata mwenyewe kwa jalada la daftari la jiografia. Haivuji. Nimefurahi kuliko siku ya matokeo.

Lakini injini bado inakatakata. Tulipofungua distributa tukaona: rota imepasuka. Ni kipande kidogo cha plastiki nyeusi chenye ulimi wa shaba, huzunguka na kugawa moto kwa plagi. Bila hicho gari ni kabati la kuwekea kuku. Tangu Wahindi wafukuzwe, duka la spea lina rafu na kalenda tu. Baba ameipaka gundi, akaianika juani kama dagaa.

Jumapili, 8 Juni
Gundi imeyeyuka. Gari limezimika kabla ya kufika barabarani, likiwa na kabichi za watu. Wenye kabichi wametafuta gari lingine la kuwafikisha sokoni Owino, huku wakimcheka Baba: “Mukenya, uza chuma hicho, ununue punda!” Baba alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Alisema gari lisipotengemaa hakuna karo, muhula ujao nitarudi kwa Mama, Bungoma, nikalime naye. Alisema polepole, bila hasira. Bora angekasirika.

Ng’ambo ya ua, chini ya mfenesi, limesimama pikapu la Bwana Ssali. Aina ileile. Yeye na Baba walinunua wiki moja, duka moja, na kila jioni walibishana lipi zuri. Kabla ya Pasaka watu wenye miwani myeusi walimchukua Bwana Ssali dukani kwake mjini. Hajaonekana tena. Hapa Nateete hakuna anayetaja jina lake kwa sauti. Kuku wanalala kwenye kiti chake cha dereva.

Rota yake ni sawa na yetu. Nimejua tangu jana. Nimejaribu kutojua.

Jumanne, 10 Juni
Nimeichukua.

Mama Kizito, mke wa Bwana Ssali, alikuwa shambani na watoto wake wawili. Nilifungua vibana viwili, nikainua kifuniko, nikavuta. Haina hata skrubu. Kuchonga penseli kunachukua muda zaidi. Kisha nikarudisha kifuniko vizuri, kama kitabu kinavyoagiza. Nilikuwa mwangalifu sana. Mwizi mwenye adabu.

Kilichonitia ujasiri ni wazo moja: harudi huyu. Nililisema moyoni, mkono ukaenda. Kwa hiyo sikuiba tu. Nilimzika mtu kwanza, ndipo nikamwibia.

Nilimwambia Baba nimepewa na msichana wa darasani ambaye mjomba wake ni fundi kule Kansanga. Baba aliiinua kwenye mwanga. “Nzima kabisa! Mungu amzidishie huyo mjomba.” Injini ikawaka mara moja. Akaniita Fundi Rispa mpaka wakati wa kulala.

Alhamisi, 12 Juni
Gari linakwenda vizuri. Baba ameanza kulitengenezea bodi mpya ya mbao, yenye mbavu ndefu, libebe mara mbili. Mimi napiga msasa. Mama Kizito alimtuma Kizito na sahani ya matoke na mchuzi wa karanga. Nimekula. Sijui nilimezaje.

Jumamosi, 14 Juni
Siku mbaya.

Wale wenye miwani walikuja jana kwa Mama Kizito. Walikaa sebuleni kwake, wakamuuliza mumewe alificha wapi mali. Walisema watarudi tena, na asiende popote. Basi ameamua kukimbilia Kisumu kwa dada yake. Kwa basi hawezi. Kituoni wanakagua majina. Kaka yake alikuja kutoka Masaka kuendesha pikapu la Bwana Ssali. Mama Kizito mwenyewe hajui kuendesha.

Betri ilikuwa imekufa. Majirani wakaitwa kusukuma. Watu walitoka, hata wale ambao hawajamsalimu tangu Pasaka. Nami nikasukuma. Nilijua haliwezi kuwaka, na nikasukuma kwa nguvu zangu zote, mpaka miguu ikateleza kwenye udongo. Tulikwenda mpaka barabarani, tukarudi, tukaenda tena.

Ndipo kaka yake akafungua distributa. “Rota hapana.”

Mama Kizito alilia kidogo. Kisha akasema mume wake alizoea kuitoa rota kila jioni, askari wasije wakaliendesha gari usiku. Lazima alikuwa nayo mfukoni siku waliyomchukua. “Alikuwa na akili, bwana yangu,” akasema, karibu kwa furaha. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nami nikaitikia.

Kaka yake alisema anakwenda kutafuta nyingine. Alitembea haraka sana kwa mtu anayetafuta kitu.

Jumapili, 15 Juni
Kaka yake Mama Kizito ametuma salamu: harudi. Anasema mtaa mzima umemwona akisukuma. Ni kweli. Kwa rota lingewaka kwa msukumo wa kwanza; mimi ndiye niliyeuita mtaa mzima.

Baada ya kanisa nilimwambia Baba. Alikuwa anapigilia mbao. Sikulia, niliona kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze. Alisikiliza na misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja.

“Jana walipokuwa wanasukuma, ulikuwa wapi?”

“Nilisukuma pia, Baba.”

Hakunipiga. Aliweka nyundo chini akaenda kuketi ndani ya gari, mlango umefungwa. Nilisimama na msasa mkononi mpaka kivuli cha bodi kikanifikia.

Jioni alisema tutawapeleka sisi. Nilisema tuirudishe rota, awapeleke kwa gari la Bwana Ssali. Alinitazama kama anayetazama mtoto mdogo. Gari la Ssali askari wanalijua ni la nani. Letu wanalijua kwa kabichi. Mama Kizito atakuwa mke wa Baba, watoto watakuwa wake, wanakwenda Bungoma kumwona mama mkwe mgonjwa.

Na rota? “Hiyo utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia.”

Jumatatu, 16 Juni
Nimekwenda kumfundisha Mama Kizito Kiswahili. Nilipobisha hodi, nilisikia kitu kikianguka ndani. Alifungua akiwa amekauka usoni. Nilisahau: waliomchukua mumewe walibisha hapa Ijumaa kwa lugha hii. Nikaomba radhi kwa Kiganda. Akasema hapana, sema hivyohivyo, nizoee.

Anakijua cha sokoni tu. Nikacheza askari.

“Wewe nani?”

“Mimi bibi yake. Tunaenda kuona mama yake, iko gonjwa sana.”

“Mbona unatazama chini?”

Alinyanyua macho, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Pasaka. “Wewe askari mubaya! Askari gani anauliza kwa heshima hivyo? Tukana kidogo!” Kizito akajaribu kutukana kwa niaba yangu, akapigwa kofi la utani. Tulirudia mpaka sentensi zikalainika. Kisha akanishika mikono, akaona kucha zangu, akasema nina mikono ya kazi, mume atakayenipata ana bahati.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wazi. Nilimfundisha kusema “mama mkwe”.

Jumanne, 17 Juni
Wameondoka alfajiri. Watoto mbele, Mama Kizito kati yao, kabichi nyuma. Sikusema hata leo. Nilijiambia si vizuri kumpa mtu safari na uchungu pamoja. Najua ni uongo, lakini unasikika vizuri.

Shuleni sikusikia neno. Nilifikiria kizuizi cha barabarani tu. Gari likizima pale, Baba anakufa. Na kinacholizuia lisizime ni kile nilichoiba. Sijui niombe nini.

Alhamisi, 19 Juni
Baba amerudi. Wamevuka mpaka.

Alinieleza akinawa miguu. Kwenye kizuizi cha pili askari alimwelekezea Mama Kizito bunduki, akamuuliza huyu mzee ni nani wako. Akajibu kama tulivyofundishana. Kisha akaongeza yake, kwa sauti ya juu: “Huyu bwana ni muvivu! Tangu asubuhi anaendesha kama konokono, mama yake atakufa hatujafika!” Askari akacheka mpaka akaegemea mlango. Akamwambia Baba pole sana, ndugu. Wakapita.

“Alinitukana mpaka Jinja na baada ya Jinja,” Baba akasema. “Nadhani alikuwa anaogopa kuacha.”

Hakuniuliza kama nilimwambia Mama Kizito kuhusu rota. Anajua.

Jumapili, 22 Juni
Wanalichuna gari la Bwana Ssali. Ijumaa magurudumu. Jana kiti na kioo cha mbele. Leo, watu wakitoka kanisani, redieta. Ni walewale waliosukuma. Hawaendi kwa siri. Wanachukua wakisalimiana.

Nilitaka kupiga kelele. Nilisimama uani nikavuta pumzi kabisa. Ningesema nini? Mimi ndiye wa kwanza. Nilirudi ndani nikasoma ukurasa mmoja mara nyingi.

Jumanne, 1 Julai
Bwana Ssali amerudi.

Nimetoka shule nikamkuta ameketi kwenye chasisi, chini ya mfenesi. Amekonda, amebaki shati tu. Meno mawili ya mbele hayapo. Nilidhani ni mzee fulani anayepumzika, mpaka aliponiita kwa jina.

“Rispa. Watu yangu iko wapi?”

Nikamwambia: Kisumu, kwa dada, wazima wote. Baba ndiye aliyewavusha. Alitikisa kichwa muda mrefu. Hakuuliza magurudumu. Hakuuliza chochote cha gari, amekaa juu yake. Akaanza kunishukuru. Mimi! Alisimama, akaishika mikono yangu kwa mikono yake yote miwili, akainama, mtu wa rika la Baba. Webale nnyo, webale nnyo. Nikasema, “Bwana Ssali, mimi…” Akasema nyamaza mwanangu, najua, mmeteseka.

Nikaenda jikoni.

Nikamletea chai. Sukari hakuna. Alishika kikombe bila kunywa, apate joto.

Jumatano, 2 Julai
Baba amempeleka Kisumu alfajiri hii hii, kabla mtaa haujaamka. Tumempa koti la Baba na kofia. Safari hii yeye ni kuli wa kabichi.

Alipanda mbele. Baba aligusa ufunguo na injini ikaitika palepale. Bwana Ssali alitega sikio, akatabasamu kwa meno yaliyobaki.

“Mukenya, hapo umenishinda. Inawaka kama langu.”

Baba aligeuka. Alinitazama kupitia dirishani. Alisubiri, injini ikinguruma, muda ambao mtu angeweza kusema maneno matatu.

Nilizunguka nyuma. Nikafunga mlango wa bodi, nikaugonga kwa kiganja, ili Baba ajue umefungwa.

Wakaondoka.