King'ora Kabla ya Bomu

Jumapili, 8 Juni
Nimefua, nimepika, Minza kalala. Nimefungua kompyuta, zamu yangu kwenye mchezo wetu wa vita. Baba Minza kajenga ukuta mwingine kuzunguka mji wake mkuu. Anajisumbua tu. Mabomu yangu mawili ya nyuklia yamekamilika. Shida, yako mji wa kaskazini na ndege zangu ziko kusini, na bomu halipakiwi mpaka viwe mji mmoja. Zamu nzima imeishia kuhamisha ndege.

Nikishinda, anaacha kazi ya baruti mgodini Geita, anarudi hapa Ngokolo. Akishinda, mimi na Minza tunahamia kwake. Tuliwekeana dau hilo Pasaka, tukicheka. Sasa sicheki. Sitaki Geita. Namtaka yeye, hapa.

Jumanne, 10 Juni
Nimepakia. Bomu moja kwenye ndege, jingine kwenye kombora. Ndege hurudi. Kombora likienda limekwenda. Nimehakiki mara tatu, na ni mchezo tu jamani.

Bado king'ora. Sheria yake hii. Mgodini hawalipui mpaka king'ora kilie na ihakikishwe kila mtu ametoka, basi na sisi hatulipuani hivi hivi. Nampigia simu, napuliza filimbi yangu ya michezo ya shuleni, anahamisha watu wake, ananiambia wametoka. Ndipo napiga. Mwanzoni nilimwona mshamba. Siku hizi naipenda sheria hiyo kuliko mchezo wenyewe.

Nimempigia. Hapatikani.

Jumatano, 11 Juni
Hapatikani. Mjanja huyu, anaikimbia filimbi! Kitufe hiki hapa, nikibonyeza nimeshinda.
Sikubonyeza.

Alhamisi, 12 Juni
Bado. Hasira imekwisha, imebaki hofu. Mama mkwe kaleta michembe, viazi vitamu vyake vya kukausha. Nilimwamkia, naye akaniita mama kwa kilugha chetu.
"Marahaba, mayu. Mwanangu kapiga?"
Nikamdanganya kwamba kapiga. Alipoondoka nikaunguza michembe niliyobandika. Mabomu yamekaa pale pale nilipoyapakia. Hata kuyatazama siwezi.

Ijumaa, 13 Juni
Kapiga! Kwa simu ya mwenzake. Jumanne baruti moja iligoma kulipuka, na yeye ndiye aliyetangulia kwenda kuikagua. Mzima. Eneo lote likafungwa, simu yake ikabaki humo kabatini. Kuazima simu angeweza, ila namba yangu haijui kichwani. Mpaka leo alipokutana na shemeji, akampa. Miaka yote hii ya ndoa! Nikalia, nikamgombeza, nikalia tena.

Kisha akauliza kama filimbi bado ninayo, akaomba nimpishe zamu moja kwanza.

Jumapili, 15 Juni
Jana kacheza zamu yake. Nimefungua leo baada ya ibada. Watu wote kawatoa mji mkuu. Mizinga ya kutungulia ndege kaitoa pia. Mlango wa ukuta kauacha wazi. Ningeweza kuingia kwa miguu.

Nikampigia kwa namba ya mwenzake, nikapuliza filimbi. Minza akaziba masikio.
"Wametoka wote," akasema. "Piga, mke wangu. Nimechoka kukaa mbali."

Nikapiga kombora. Ndege nimeiacha uwanjani na bomu lake.

Minza kauliza kama baba kashindwa. Nimemwambia ndiyo, kashindwa, anarudi.

Mashati yake nimeyatoa sandukuni, nimeyaanika. Michembe ya mama mkwe imebaki kidogo. Nimemwekea.